Kuku Mwekundu na Uji wa Omosa

Kule Kiogoro asubuhi haina haraka. Ukungu huteremka kutoka vilimani, ukalala juu ya majani chai, na kunapopambazuka huingia kati ya migomba taratibu kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Ng'ombe hulia wasionekane. Watu husalimiana bila kuonana nyuso, wakitambuana kwa sauti tu. Ni asubuhi nzuri kwa mtu anayependa kuota ndoto, na katika kijiji kile hakuna aliyependa kuota kumshinda Mokeira.

Mokeira alikuwa msichana wa Gredi ya Sita. Usidhani aliota akiwa amelala tu. Aliota akifagia, aliota akimenya ndizi, aliota hata akiitikia salamu. Siku moja alitumwa kukinga maji bombani. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatiririka hadi kwenye viazi vya jirani, naye amesimama palepale akitazama wingu lililofanana na mlango.

"Mokeira!" mama yake alimwita. "Umeenda wapi tena?"

"Niko hapa, Mama."

"Mwili ndio uko hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Mama huyo, Orpah, alikuwa fundi wa kushona nguo mjini Kisii. Kila asubuhi alimnyonyesha Omosa, mtoto wake mdogo wa miezi minane, akambusu, akashika njia, asirudi hadi jioni. Baba yao alifanya kazi ya ujenzi Nakuru na alirudi nyumbani mara chache. Kwa hiyo mchana wote boma lilikuwa chini ya Nyanya Nyamusi, mama yake baba.

Omosa alipewa jina la marehemu babu, mume wa Nyanya. Basi Nyanya alimwita "mume wangu", na si kwa mzaha mtupu. Alipombeba mgongoni alimsimulia habari za shamba, bei ya majani chai, na jirani gani alikuwa ameanza kusogeza mpaka. Omosa alisikiliza kwa makini akinyonya ngumi yake.

Jambo moja tu liliwagombanisha mume na mke hawa: uji.

Nyanya alimlisha Omosa jinsi alivyolishwa yeye mwenyewe na jinsi alivyowalisha watoto wake wote. Alimlaza mapajani, akakunja kiganja cha kushoto chini ya mdomo wa mtoto, akamimina uji wa wimbi ndani ya kiganja. Mtoto alikuwa hana budi kumeza, kwa sababu uji ulikuwa umefika puani. Omosa alirusha miguu, akalia, akapaliwa, akameza. Uji mwingine uliishia shingoni na masikioni.

"Meza, mume wangu, meza," Nyanya alimbembeleza. "Wimbi ndilo lililomlea baba yako. Mwaka wa njaa, aliyekuwa na wimbi ndiye aliyekuwa na watoto."

Kila mara Mokeira aligeuza uso.

Likizo ya Agosti ilipofika, kazi ya kumlisha Omosa uji wa mchana ilimwangukia yeye. Majani chai yalikuwa yamechipuka kweli kweli, na Nyanya alitakiwa shambani.

"Umeniona ninavyofanya," Nyanya alisema akijifunga kikapu mgongoni. "Kikombe kizima. Asipokunywa atakonda, na akikonda nitakuuliza wewe."

Mokeira alijaribu kiganja. Kiganja chake kilikuwa kidogo, Omosa alikuwa na nguvu, na uji ulipofika puani mtoto alimtazama dadake kwa macho ya kuuliza, "Hata wewe?" Mokeira akaacha mara moja. Akachukua kijiko. Omosa akafunga mdomo. Akaimba wimbo wa Sabato, Omosa akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa vilevile. Alipofanikiwa kupenyeza kijiko kimoja, mtoto alipuliza, "Pruuuu!" na uji wote ukamrudia Mokeira usoni.

Basi akakaa kwenye nyasi, kikombe mkononi, akatazama mvuke ukipanda. Na mvuke, kwa mtu kama Mokeira, si mvuke tu. Ulipanda ukawa barabara nyembamba, barabara ikapinda juu ya migomba, na mwisho wake palikuwa na mji mweupe wenye nyumba nyingi ndogo. Nyumba zote zilifungwa milango. Mokeira alitembea humo akibisha hodi mlango baada ya mlango, na hakuna aliyeitika.

Aliposhtuka, uji ulikuwa umepoa na kikombe kimelala ubavu. Kuku mwekundu wa Nyanya alikuwa ameinamisha shingo anakunywa uji ule kwa adabu zote, akiinua kichwa kila baada ya mkupuo kama anayeshukuru.

"Shii! Ondoka hapa!" Mokeira alimfukuza, lakini kikombe kilikuwa kikavu.

Nyanya akatokea upande wa chai. "Mume wangu amekunywa?"

Mokeira alikitazama kikombe. Kweli kilikuwa kitupu.

"Amemaliza, Nyanya," ulimi wake ulisema, kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Wee! Kizima?" Nyanya alipiga makofi. "Nilijua! Mkono wa msichana huyu una baraka." Akamkatia kipande kinono cha ndizi mbivu. Mokeira alikila, lakini hakikuwa kitamu.

Alijiambia kesho atajaribu kwa bidii zaidi. Kesho yake Omosa alifunga mdomo vilevile, na kuku alikuwa tayari amesimama pembeni anangoja. Siku iliyofuata Mokeira alimimina mwenyewe. Uongo ukishakaribishwa nyumbani huomba kiti, na usipouangalia huomba na kitanda.

Jamani, yule kuku alinenepa! Manyoya yalimng'aa. Akaanza kutembea kwa maringo, akiyumba huku na huku.

"Huyu kuku anakula wapi?" Nyanya alishangaa. "Nitamweka hadi Krismasi."

Ashley, rafiki yake Mokeira wa nyumba ya pili, alimwona siku moja akimimina uji kwenye nyasi.

"Wewe, Mokeira! Huyo kuku ndiye mdogo wako siku hizi?"

"Nyamaza, Ashley. Omosa hataki uji."

"Basi sema hataki."

"Nikisema, Nyanya atamkamata na kumlazimisha. Humwoni anavyolia?"

Ashley alifikiri kidogo. "Na usiposema, atakula nini?"

Juu ya kilima wingu lilikuwa linafunguka pole pole, Mokeira akaona heri alitazame hilo.

Ijumaa moja Mama aliomba ruhusa kazini, wakampeleka Omosa kliniki. Mokeira alienda nao kubeba mfuko. Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Ruth, alimketisha Omosa kwenye mizani, akasubiri atulie, akasoma. Kisha akasoma tena.

"Mama Omosa, uzito wa mtoto haujapanda. Umeshuka kidogo. Nyumbani anakula nini?"

"Ananyonya asubuhi, jioni na usiku, Sista. Mchana uji wa wimbi, kikombe kizima. Dadake ndiye humlisha, na humaliza wote."

Sista Ruth alimgeukia Mokeira. "Humaliza wote?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mokeira alifungua kinywa. Akamwona Mama akimtazama kwa fahari, akawaona akina mama wengine kwenye benchi, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Ndiyo, Sista."

"Ajabu," Sista Ruth alisema. "Mleteni Jumatatu, na mje na chakula chake. Nataka nimwone akila kwa macho yangu. Ikibidi tutampima damu."

Nyumbani Nyanya aliposikia habari hizo aliketi kwenye kigoda bila kufungua kikapu chake.

"Chakula kinaingia, mwili hauonekani," alisema. "Hiyo si njaa. Hicho ni kimeo." Akaonyesha koo lake, mahali pale panaponing'inia kinyama kidogo. "Kimerefuka, kinamnyonya mtoto. Ndiyo sababu kila saa anatia vidole mdomoni. Kikatwe."

"Mama, Sista amesema tusubiri hadi Jumatatu," Orpah alisema kwa upole.

"Jumatatu!" Sauti ya Nyanya ilipasuka. "Mama Mokeira, mimi niliwahi kumzika mtoto nikingoja Jumatatu. Hukuwepo, wewe. Sitaki kumzika mume wangu mara ya pili." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya leso. "Kesho ni Sabato. Jumapili mapema tutampeleka kwa yule mama wa ng'ambo ya mto. Yeye hukata na kumaliza."

Orpah aliinamisha kichwa. Alikuwa na wasiwasi, lakini hakuwa na moyo wa kubishana na mama mkwe anayelia.

Mokeira alitoroka hadi kwenye ua, akamwita Ashley.

"Kimeo hukatwaje?"

"Kwa kisu," Ashley alijibu. "Binamu yangu alikatwa. Damu ilikataa kukoma, wakamkimbiza hospitali. Alipona, lakini shangazi mpaka leo akikumbuka hulia."

Mokeira alikuwa akidhani uongo wake ni mdogo, wa kikombe kimoja tu. Sasa aliuona ukitembea na kisu kuelekea kwa mtoto asiye na kosa.

Sabato katika nyumba ile hakupikwi. Chakula hupikwa Ijumaa: malenge na viazi vitamu hutokoswa vikalala ndani ya sufuria, na siku ya pili huliwa baridi baada ya kanisa. Alasiri hiyo Mama na Nyanya walikuwa wameketi barazani na wageni wa kanisani, wakiimba nyimbo kwa sauti za chini. Mokeira alikaa kwenye nyasi nyuma ya jikoni, Omosa ameketi wima kati ya miguu yake, bakuli la malenge ubavuni. Hakuwa na hamu ya kula. Jua lilikuwa la upole, nyuki walikuwa wakizunguka ua la mgomba, na nyimbo zilimfikia kana kwamba zinatoka mbali sana.

Taratibu, bila yeye kujua, barabara ya mvuke ikaja ikamchukua.

Alikuwa tena katika ule mji mweupe. Milango ilikuwa imefungwa kama kawaida, naye alikuwa amechoka kubisha. Safari hii hakubisha. Aliketi tu kizingitini akangoja. Na tazama, mlango mmoja ulisogea. Haukusukumwa na mtu wa nje. Ulifunguliwa kutoka ndani na mwenye nyumba mwenyewe, na mwenye nyumba huyo alitoa kimkono kidogo kinono, akaanza kupapasa...

Mokeira alishtuka. Kimkono kilikuwa cha kweli! Omosa alikuwa ameinamia bakuli, amekamata kipande cha malenge kwa ngumi yake yote, na ncha yake ilikuwa tayari mdomoni.

"Omosa! Toa!"

Alinyoosha kidole amkwangue ulimi. Omosa akanguruma. Ndiyo, akanguruma, mtoto wa miezi minane, akageuka upande kulinda mali yake. Alimung'unya kwa fizi na vijino viwili, uso umepakwa rangi ya chungwa hadi nyusini. Kisha akameza. Mokeira aliona koo likishuka na kupanda. Omosa akatazama ngumi yake, akaona imebaki na kidogo, akakitia nacho. Alipomaliza alipiga bakuli kwa kiganja: pa, pa, pa! Alitaka kingine.

Mokeira alimpa kingine. Kikaenda. Na cha tatu nacho kikaenda.

Basi koo lilikuwa zima! Hakuna kimeo kilichomzuia, hakuna kilichomnyonya. Mtoto alikuwa na njaa tu, na alitaka kula kwa mkono wake. Mokeira alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Ni nani mwingine aliyelijua hili duniani? Ni yeye na kuku.

Wageni walipoondoka alimfuata Nyanya.

"Nyanya, Omosa amekula malenge. Mwenyewe. Koo lake halina neno."

Nyanya alitabasamu kwa uchovu. "Unampenda ndugu yako, nami najua. Lakini fikiri, mjukuu wangu. Mtoto anayemaliza kikombe kizima cha uji kila siku, na bado anatamani malenge, na bado anakonda! Si ndiyo dalili yenyewe? Kesho tutaondoka ukungu ukiwa bado uko chini."

Mokeira aliona alichokifanya. Nusu ya ukweli ilikuwa imeongeza makali ya kisu.

Jumapili ukungu ulikuwa mzito ajabu. Nyanya alimfunga Omosa mgongoni kwa leso mbili. Mama alibeba mfuko. Walipofika langoni, Mokeira aliwaona wakianza kufifia, kwanza miguu, kisha mfuko, kisha kichwa kidogo cha Omosa chenye kofia ya sufu. Ilikuwa kama ndoto zake zote, ila ndoto huwa mtu akishtuka zinaisha. Hii isingeisha yenyewe.

"Ngojeni!" Alikimbia bila viatu, akawapita, akasimama mbele ya Nyanya mikono imetandazwa. "Nyanya, usiende! Uji hakunywa!"

"Uji gani?"

"Wote! Tangu nilipopewa kazi, hajanywa hata nusu kikombe. Alikuwa anakataa, nami nikaogopa kumlazimisha, nikaogopa kukwambia. Nilisema amemaliza, na haikuwa kweli. Hana kimeo, Nyanya. Ana njaa. Mimi ndiye niliyemkondesha."

Orpah aliweka mfuko chini. "Na huo uji ulikuwa unaenda wapi?"

Kabla Mokeira hajajibu, kulisikika sauti ndani ya ukungu: ko-ko-ko-ko. Kuku mwekundu alitokea akiyumba kwa unene, akampita Mama, akampita Nyanya, akasimama miguuni pa Mokeira na kuinua shingo. Alikuwa amekuja kudai kikombe chake.

Orpah alimtazama kuku, akamtazama binti yake, akajiziba mdomo. Haikujulikana kama ni kilio au ni kicheko. Pengine ni vyote viwili.

Nyanya hakucheka. Alifungua leso pole pole, akamshusha Omosa, akamkumbatia kifuani. "Nilikuwa nimeshambeba," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa mgongo wangu huu. Nampeleka."

Walirudi nyumbani. Malenge ya jana yalikuwa yamebaki. Mokeira alimketisha Omosa wima kwenye mkeka, akaweka vipande laini mbele yake, akarudi nyuma. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni. Omosa alichagua kipande, akakigeuza, akakionja. Mara akakodoa macho, ulimi ukatoka, akakohoa, "Hoo! Hoo!" Nyanya aliruka na kidole tayari, lakini Omosa alikuwa ameshakisukuma kipande mbele kwa ulimi wake. Akakitema, akakiokota, akaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mama yangu!" Nyanya aliketi chini kwa kishindo. "Anajua mwenyewe."

Jumatatu walikuwa wa kwanza kliniki, na Mokeira ndiye aliyeeleza yote. Haikuwa rahisi, kwa sababu akina mama wa benchini walikuwa pale vilevile. Sista Ruth hakumkaripia. Alimketisha Omosa, akamwacha ale ndizi mbivu aliyokuja nayo, akatazama kwa muda mrefu.

"Mtoto huyu hana ugonjwa," alisema. "Alikuwa anagoma. Mtoto akishaweza kuketi wima na kupeleka vitu mdomoni, anaweza kuanza kujilisha. Mpeni chakula laini, kipande cha urefu wa kidole chenu, kikibonyezwa kwa vidole viwili kipondeke. Malenge, viazi vitamu, avokado, ndizi, hata yai lililoiva vizuri na mboga zilizolainika. Maziwa ya mama yaendelee. Uji nao msiuache, ila uwe mzito, utiwe maziwa, na kijiko mwachieni ajaribu kukishika. Akifunga mdomo, ameshasema."

"Na kukohoa kule?" Nyanya aliuliza.

"Akikohoa na kutoa sauti, koo linajifunza kazi. Tulia umwangalie. Hatari ni akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi." Akawaonyesha namna ya kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, na kumpiga mgongoni huku mwingine akiita msaada. "Ndiyo sababu hapewi njugu, muwa, mahindi ya kuchoma wala karoti mbichi. Na haachwi peke yake na chakula, hata kwa dakika moja."

Alimtazama Mokeira aliposema hayo. Mokeira alitikisa kichwa kukubali.

"Kimeo je?" Nyanya hakuwa ameridhika.

Sista Ruth alitoa kioo kidogo na tochi. "Fungua kinywa, Nyanya. Sema aaa."

Nyanya alisema aaa, akachungulia kioo. Macho yalimtoka. "Hiki ni changu?"

"Ni chako. Kila mtu anacho."

"Uzee wote huu ninakula nacho!" Nyanya alicheka hadi benchi zima likacheka naye. Kisha akamvuta Omosa karibu, na Mokeira akaona midomo yake ikisema maneno ya kumshukuru Mungu.

Adhabu ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Mama alimpa Mokeira kazi ya kukaa mbele ya Omosa kila alapo mchana, na kufua kila nguo iliyopakwa chakula. Na nguo zilikuwa nyingi! Omosa alikula kwa mikono, kwa mashavu na kwa nywele. Avokado iliingia masikioni. Mokeira hakulalamika. Alipoona barabara ya mvuke inaanza kupanda kando ya jicho lake, aliiambia, "Nenda, nitakuja baadaye," na kumtazama ndugu yake akitafuna.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa waliporudi kwenye mizani. Sista Ruth alisoma mara moja tu, akainua kidole gumba. Njia nzima Nyanya alimwambia kila waliyekutana naye kwamba mume wake ameongezeka.

Jioni hiyo walikaa nje, Mama akimenya ndizi, Omosa mkekani, jua likizama nyuma ya vilima na ukungu wa kwanza ukianza kushuka. Kuku mwekundu alipita karibu, amepungua, akatazama kikombe kitupu kwa huzuni.

"Nyanya, bado unanikasirikia?" Mokeira aliuliza.

"Nilikasirika, tena sana," Nyanya alisema. "Halafu nikajiuliza, huyu mtoto aliogopa nini? Aliogopa kiganja changu. Nami niliogopa kuzika. Kila mmoja wetu aliogopa kwa sababu ya kumpenda Omosa, lakini hatukuambiana. Wewe ulidhani unamficha asilie, na ukamficha mpaka njaa ikamkuta. Ukweli ni kama chakula, mjukuu wangu. Ukimnyima mtu, anakonda, hata kama unamnyima kwa huruma. Siku nyingine jambo likikushinda, njoo useme, 'Nyanya, limenishinda.' Nitafoka kidogo, maana mimi ni mzee, halafu tutalitafutia njia pamoja."

"Nitasema, Nyanya."

"Na ndoto zako usiziache," Mama aliongeza. "Ota, lakini kwanza mtoto ale."

Omosa alikuwa amekamata kipande cha ndizi mbivu. Alikiangalia, akamwangalia Nyanya, akanyoosha mkono wake wote uliojaa ute wa ndizi mpaka ukafika midomoni mwa yule bibi. Nyanya, aliyewalisha watoto na wajukuu wa boma lile kwa kiganja chake, alishtuka. Kwa muda midomo yake ilikuwa imefungwa.

Kisha akaifungua mwenyewe, akala.